Nani atakushikia kamba?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama siku kumi za kupanda miamba na kulala hemani zitakusaidia usirudie pombe, au ni kukimbia matatizo tu. Nimefurahi mno. Miezi minane iliyopita hukuwa ukiniuliza lolote.

Zinaweza kukusaidia, ila usiutegemee mlima. Mwaka tuliompoteza mama yako, rafiki alinipeleka mwambani. Nilipofika katikati, mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka wenyewe kama cherehani, nikaganda. Nilidhani nitapigiwa kelele nipande. Mshika kamba, aliyekuwa chini akishikilia kamba niliyofungwa, akasema tu, "Nimekushika. Pumzika." Nikauachia mkanda wa kiunoni uzito wangu wote. Tangu msiba sikuwa nimemwegemea mtu. Nililia palepale, shavu likiwa kwenye jiwe, kisha nikaomba nishushwe. Kileleni sikufika, wala sijutii.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1941, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Kurt Hahn, mwalimu mzaliwa wa Ujerumani, na Lawrence Holt, mwenye meli, walianzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, ili mabaharia vijana wajengeke kustahimili hatari za baharini. Wanaoitumia njia hii kama tiba huongeza mazungumzo ya jioni: ulipoogopa leo, ulimwambia nani? Hapo ndipo penye faida kwako, mwanangu. Hamu ya pombe nayo hupanda, hutikisa, halafu hushuka, na wewe umezoea kupambana nayo kimyakimya, chumbani, peke yako.

Kabla hujalipa, waulize kama yupo mshauri aliyesomea kazi hiyo, nani anajua huduma ya kwanza, na hospitali iko umbali gani. Waulize pia kama unaweza kusema "hapana" katikati ya mwamba na ukashushwa bila kuaibishwa. Wakikwambia kila mtu lazima apande, usiende. Kulazimisha watu kumewahi kuua. Dawa zako usiziache, na daktari wako ajue unakokwenda. Ungekuwa ndiyo kwanza umeacha pombe ningekukataza kabisa, maana siku zile za mwanzo mwili unaweza kupata degedege, na hizo ni siku za kuwa karibu na daktari.

Buti mpya usinunue, zitakuchubua. Chukua zangu, tunavaa namba moja. Nimeshazipaka mafuta, na kamba zake nimebadilisha.

Baba yako