Kufundisha aksiomu na postuleti za jiometri: mimi orodha huiweka mwisho

Mwalimu, umeuliza namna ya kuingiza aksiomu na postuleti, yaani kauli tunazozikubali bila uthibitisho ili tuanzie hapo, kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili. Unasema ukiandika ubaoni "kutoka nukta yoyote hadi nukta nyingine unaweza kuchora mstari mnyoofu" wanainakili, kisha wanakuangalia wakisubiri somo lianze. Nimefundisha hesabu sekondari miaka mingi na hali hiyo naifahamu vizuri. Jibu langu ni refu kwa sababu mada hii naipenda, na naamini ndiyo mahali pekee kwenye silabasi ambapo mtoto anaweza kuona hesabu zinasimama juu ya nini.

Wanafunzi wako hawana kosa. Postuleti ni jibu la swali ambalo bado hawajaliuliza, na mtu huwezi kumpa jibu kabla ya swali ukategemea alithamini. Kwa hiyo vipindi vya mwanzo mimi sitaji kabisa neno postuleti. Navitumia kuwafikisha mahali ambapo wao wenyewe watalitafuta.

Naanza na kitu wanachokijua tangu shule ya msingi: pembe tatu za ndani za pembetatu zinafanya nyuzi 180. Kila mmoja anachora pembetatu yake, anapima kwa kipimapembe, na majibu yote tunayaandika ubaoni bila kuchagua: 180, 179, 182, 180, 178 na nusu. Kisha wanakata pembetatu ya karatasi, wanachana zile kona tatu na kuzipanga kando kando juu ya ukingo wa rula. Zinakaa sawasawa, darasa linachangamka. Ndipo nauliza: huyu aliyepata 178 na nusu, kapima vibaya au pembetatu yake ni ya aina nyingine? Tutajuaje? Na pembetatu ambazo hakuna mtu aliyezichora bado, au zile nyembamba kiasi kwamba kipimapembe hakisomeki? Hapo wanaona kwamba kupima hakuwezi kumaliza ubishi, maana kipimo chenyewe ndicho kinachoshukiwa.

Sasa unaweza kuleta uthibitisho. Chora pembetatu ABC, pitisha kwenye C mstari ulio sambamba na AB. Pale C kuna pembe tatu zinazokaa juu ya mstari mnyoofu. Ya katikati ni ya pembetatu yenyewe, na zile mbili za pembeni ni mbadala za pembe ya A na ya B (ziko kati ya mistari sambamba, pande tofauti za mstari unaoikata), hivyo zinalingana nazo. Jumla ni 180. Walimu wengi huishia hapo, na kwa mtihani inatosha. Lakini kwa mada uliyouliza wewe, hapo ndipo pa kuanzia. Uliza: kwa nini pembe mbadala zinalingana?

Watakujibu kwamba ndivyo walivyofundishwa. Usikubali. Twende pamoja nao: chukua mistari miwili sambamba na mstari wa tatu unaoikata yote miwili. Tuseme pembe mbadala hazilingani, moja ni kubwa kuliko mwenzake. Ile kubwa, ukiijumlisha na jirani yake kwenye mstari huohuo, inafanya 180. Basi ile ndogo ikijumlishwa na jirani huyohuyo lazima ipungue 180. Na hizo mbili ndizo pembe za ndani za upande mmoja. Upande ambao pembe za ndani zimepungua 180, mistari inaelekeana, kwa hiyo itakutana. Lakini tulisema ni sambamba, haikutani kamwe. Basi haiwezekani pembe mbadala zisilingane.

Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeinua mkono hapo: "Mwalimu, tunajuaje kwamba lazima itakutana?" Asipoinuka mtu, inuka wewe. Wengine watasema inaonekana tu. Waambie tuchukue mstari wenye urefu wa mita 1, kwenye ncha moja tusimamishe pembe ya nyuzi 90, kwenye ncha ya pili nyuzi 89. Mistari hiyo miwili inakutana umbali wa mita 57 hivi. Ubao hautoshi wala chumba cha darasa hakitoshi. Ukifanya ya pili iwe nyuzi 89.9, wanaenda kukutana mita 573, nje ya uwanja wa shule. Ikipungua zaidi ya hapo, nani ameiona ikikutana?

Kuna wajanja watakaopendekeza tutumie ule ukweli wa 180 kuthibitisha hili. Pendekezo hilo lishangilie, kwa sababu linaleta funzo kubwa: 180 tuliipata kwa pembe mbadala, pembe mbadala kwa hili la kukutana, na sasa tunataka kulithibitisha kwa 180. Tumezunguka tukarudi tulipotoka. Zinabaki njia mbili, ama tuendelee kuuliza "kwa nini" bila kikomo, ama tusimame mahali fulani na kukubaliana kwamba tunaanzia hapa. Sasa swali wanalo. Pale tunaposimama ndipo penye postuleti.

Mfano ninaoutumia hapa ni bao. Hakuna anayedai uthibitisho wa sheria za bao kabla ya kucheza. Unazikubali, na baada ya hapo kila mtaji unahukumiwa kwa sheria hizo, mkubwa kwa mdogo. Bao la kujifunza na bao la Kiswahili vina mbao ileile na kete zilezile, ila sheria zinatofautiana kidogo na mchezo unakuwa mwingine. Sehemu hiyo ya mwisho iweke akiba, utaihitaji kwenye postuleti ya tano.

Baada ya hapo ndipo naandika orodha ya Euclid, mwanahesabu aliyefanya kazi Aleksandria ya Misri mnamo mwaka 300 KK. Postuleti zake ni tano: unaweza kuunganisha nukta mbili kwa mstari mnyoofu, unaweza kuurefusha mstari huo, unaweza kuchora duara lenye kitovu chochote na nusu kipenyo chochote, pembe mraba (za nyuzi 90) zote zinalingana, na ile ya tano, ambayo wanafunzi tayari wameigundua: mistari miwili ikikatwa na wa tatu na pembe za ndani za upande mmoja zikapungua pembe mraba mbili, ikirefushwa itakutana upande huo. Pembeni aliweka aksiomu tano za jumla ambazo hazihusu maumbo peke yake, kwa mfano vitu vinavyolingana na kitu kimoja vinalingana vyenyewe, ukiongeza sawa kwenye sawa unapata sawa, na kizima ni kikubwa kuliko sehemu yake. Tofauti kati ya postuleti na aksiomu ndiyo hiyo tu kwa kiwango chetu: za kwanza ni za jiometri, za pili zinafanya kazi hata kwenye hesabu za pesa. Usiitungie swali la mtihani. Wala usipoteze kipindi kwenye fasili ya nukta, ya kwamba ni kitu kisicho na sehemu. Fasili hiyo haitumiki kwenye uthibitisho wowote, na watoto wanajua nukta ni nini.

Wape kazi mara moja. Hoja ya kwanza kabisa ya Euclid ni kujenga pembetatu yenye pande tatu sawa juu ya mstari AB, na mimi huifanyia nje, kwa kamba, vigingi viwili na majivu au chokaa. Bikari hazitoshi kamwe darasani, na kamba ina faida nyingine, haina namba. (Darasani nawaambia wageuze rula kifudifudi kwa sababu hiyohiyo.) Kigingi A, kamba mpaka B, zungusha. Kigingi B, kamba mpaka A, zungusha. Duara mbili zinakatana kwenye C, unaunganisha AC na BC. Kisha kila hatua iulizwe: ni nani amekuruhusu? Duara mbili, postuleti ya tatu mara mbili. Mistari miwili, postuleti ya kwanza mara mbili. AC inalingana na AB kwa sababu zote ni nusu kipenyo cha duara moja, BC vilevile, na kwa aksiomu ya vitu vinavyolingana na kitu kimoja, pande zote tatu ni sawa. Watoto ambao jana waliona postuleti ni maneno ya bure leo wanazigombania.

Halafu subiri. Ukiwa na bahati atatokea mmoja aulize ni postuleti gani inayosema kwamba duara hizo mbili zitakatana. Hakuna! Euclid mwenyewe aliliona kwenye mchoro akapita. Mchoro hauongopi sana hapa, lakini jaribu kufikiria ubapa ambao nukta zake zote zina kuratibu (namba zinazoonyesha mahali pa nukta) za sehemu tu, bila namba kama kipeuo cha pili cha 3. Ukiweka A kwenye (0, 0) na B kwenye (1, 0), nukta C inahitaji nusu ya kipeuo cha pili cha 3, kwa hiyo kwenye ubapa huo duara hizo zinapishana bila kugusana popote. Mapengo ya namna hii yalichukua muda mrefu kuzibwa. Moritz Pasch mwaka 1882 alishughulikia nini maana ya nukta kuwa kati ya nyingine mbili, na David Hilbert mwaka 1899 alichapisha mfumo wa aksiomu ulioandikwa upya. Waambie wanafunzi ukweli huo. Mtoto aliyeona pengo ambalo limo kwenye kitabu cha Euclid kilichosomwa kwa zaidi ya miaka 2000 hatasahau kipindi hicho.

Hapa pia pana jambo linalokuhusu wewe mwalimu. Kanuni ya upande-pembe-upande ya kulinganisha pembetatu, Euclid aliithibitisha kwa kuichukua pembetatu moja na kuilaza juu ya nyingine, na hakuna postuleti yake inayoruhusu kuhamisha umbo. Hilbert aliiweka kati ya aksiomu. Nakushauri ufanye hivyohivyo: sema wazi kwamba hii tunaikubali, kisha uendelee. Si lazima orodha ya shule iwe fupi kuliko zote. George Birkhoff mwaka 1932 alitoa postuleti zinazokubali rula yenye namba na kipimapembe tangu mwanzo, na jiometri ikasimama vizuri. Kisichokubalika ni kukiita kitu uthibitisho wakati umekikubali kimyakimya.

Kuhusu postuleti ya tano, itenge na kuipa kipindi chake. Kwa kufundishia, sura yake nyepesi ni ile iliyoenezwa na John Playfair mwaka 1795: kupitia nukta iliyo nje ya mstari, hupita mstari mmoja tu ulio sambamba nao. Wasimulie kwamba watu wenye akili kubwa walijaribu kuithibitisha kutokana na zile nne, wakiwemo Omar Khayyam na Nasir al-Din Tusi kwa Waislamu wa Uajemi, na Girolamo Saccheri wa Italia mwaka 1733, na haikuwezekana. Nikolai Lobachevsky mwaka 1829 na János Bolyai mwaka 1832 walichapisha jiometri ambayo postuleti hiyo imekataliwa, mistari sambamba kupitia nukta moja ni mingi, na pembe za pembetatu hazifiki 180. Hapo ndipo unarudisha lile la bao mbili.

Watakuuliza kuhusu dunia, hasa wakishafika mada ya dunia kama tufe kidato cha tatu. Chukua mpira: longitudo mbili zilizoachana nyuzi 90 zinakutana na ikweta kwa pembe mraba, kisha zinakutana zenyewe ncha ya kaskazini kwa pembe mraba ya tatu. Jumla 270. Ila kuwa mwangalifu hapa, tufe halivunji jambo moja tu. Kati ya ncha mbili za dunia hupita longitudo nyingi, kwa hiyo hata ule mstari mmoja kati ya nukta mbili umepotea. Jiometri inayobadilisha ya tano peke yake ni ile ya Lobachevsky na Bolyai.

Zoezi langu la mwisho wa mada ni hili. Nawapa kauli sita na kuwataka waseme zipi zinahitaji postuleti ya tano: pembe zinazotazamana zinalingana, pembe za kitako cha pembetatu pacha zinalingana, pande mbili za pembetatu zikijumlishwa ni ndefu kuliko wa tatu, pembe za pembetatu ni 180, kanuni ya Pythagoras, pembe ndani ya nusu duara ni pembe mraba. Tatu za kwanza hazihitaji, tatu za mwisho zinahitaji. Ubishi mkubwa huwa kwenye ile ya nusu duara, kwa sababu mchoroni hakuna mistari sambamba hata mmoja. Waache wabishane. Kisha mmoja aunganishe kitovu na ile kona, apate pembetatu pacha mbili, aandike x mbili na y mbili, na amtaje mwenyewe aliyemruhusu kuandika kwamba jumla yake ni 180.