Kuzuia damu au kubana damu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninakuandikia kutoka Ujiji. Mdogo wangu ni mcheza mpira. Kano ya goti ilimkatika, akapasuliwa Dar es Salaam, na juzi amerudi kwa treni akiwa na karatasi ya maelezo ya mazoezi atakayoendelea nayo huku Kigoma. Juu imeandikwa "Mafunzo ya Kizuizi cha Mtiririko wa Damu", na ndani kuna sentensi isemayo "damu itazuiliwa kwenye paja wakati wa mafunzo". Mama aliposomewa alisema mwanawe hazuiwi damu na mtu yeyote. Mdogo wangu anadai mama hajui Kiswahili cha kitaalamu. Je, maneno hayo ni sahihi? Na ni "itazuiwa" au "itazuiliwa"?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mpe pole mdogo wako, kisha umwambie taratibu kwamba mama amekielewa Kiswahili vizuri kabisa. Ameelewa kile kilichoandikwa, na kilichoandikwa kinatisha.

Neno lililoharibu zaidi ni "mtiririko", na nadhani hata mdogo wako hakulishuku. Katika Kiswahili cha nyumbani vinavyotiririka ni vitu tunavyoviona: jasho mgongoni, machozi shavuni, maji ya kijito. Damu nayo hutiririka, lakini inapofanya hivyo imekwishatoka mwilini. "Damu ilimtiririka" ni habari ya mtu aliyejeruhiwa. Wiki hii nilikwenda Kibirizi, pale kina mama wanapoanika dagaa, nikawauliza watano kwa nyakati tofauti: nikisema "kuzuia mtiririko wa damu" mnaelewa nini? Wanne walinijibu kwamba kuna mtu kakatwa na kisu, afungwe kitambaa. Wa tano alisema mama aliyetoka kujifungua. Hakuna aliyefikiria mazoezi. Kwa masikio hayo, kichwa cha karatasi yenu ni somo la huduma ya kwanza kwa mtu anayevuja damu. Ndani ya mishipa damu hupita, huenda, huzunguka. Ndiyo maana shuleni tulifundishwa "mzunguko wa damu", na hakuna mzee aliyeuliza maana yake.

Sasa tutazame kinachofanyika kwenye paja, kwa sababu siwezi kuchagua kitenzi kabla ya kukijua kitendo.

Goti likishapasuliwa, paja hunywea. Uvimbe na maumivu huifanya misuli ya mbele ya paja isiitike sawasawa hata mgonjwa akiiamuru, na msuli usioitika hupungua haraka. Kwa kawaida msuli hurudishiwa nguvu kwa kubeba mzigo mzito, kama asilimia 70 ya ule ambao mtu anaweza kuuinua mara moja tu na asiweze mara ya pili. Goti lililotoka kushonwa halihimili hilo. Ndipo unapoletwa mkanda. Huvishwa juu kabisa ya paja, karibu na kinena, hujazwa upepo, na mgonjwa huinua mzigo mwepesi, asilimia 20 hadi 30 tu. Oksijeni hupungua ndani ya msuli, uchovu hufika mapema kama vile mzigo ulikuwa mzito, na msuli hujibu kwa kujijenga. Ratiba inayotumika sana ni kuinua mara 30, kisha 15, 15 na 15, na kupumzika kama sekunde 30 kila baada ya mkupuo. Jumla mara 75.

Kipimo cha mkanda ndicho kinachotusaidia sisi watu wa lugha. Kwanza mtaalamu hutafuta kiasi cha mgandamizo ambacho kikifikiwa damu ya ateri haipiti tena. Halafu hukishusha: mazoezi hufanywa kwenye asilimia 40 hadi 80 ya kiasi hicho. Hakifikishwi 100 makusudi. Na "kuzuia", katika masikio ya Mswahili, ndiyo 100. Aliyezuiwa mlangoni hakuingia. Jaribu kukiongezea "kidogo" uone: "mlinzi alinizuia kidogo". Utaelewa kwamba alikuweka kwa muda mfupi, kisha akakuruhusu. Hutaelewa kwamba nusu yako ilipita. Zuia hukubali kupimwa kwa muda, lakini kwa kiasi hukataa.

Bana ni kitenzi cha tabia nyingine. Nguo imenibana: bado nimeivaa, bado ninapumua. Serikali ikibana matumizi, fedha bado zinatumika, ila kwa uchungu. Ukibana mpira wa maji kwa vidole, maji yanaendelea kutoka, ila machache. Bana kidogo, bana zaidi, legeza: kitenzi hiki kimezaliwa na vipimo vyake, na mwenzake "legeza" yuko karibu kumsubiri. Mgonjwa anayeambiwa "tutabana" anajua tayari kwamba anaweza kusema "mmebana mno, legezeni". Anayeambiwa "tutazuia" hana la kusema.

Nikiri jambo moja kwa haki ya aliyeandika karatasi ile. Mishipa iko ya aina mbili. Ateri, zinazoleta damu kutoka moyoni, zina kuta nene na msukumo wa nguvu. Vena, zinazoirudisha, kuta zake ni laini, na mkanda huzilaza mapema zaidi. Kwa hiyo damu inayoingia mguuni hubanwa, na ile inayorudi huzuiwa kwa sehemu kubwa hadi mkanda ulegezwe. Kama angeandika "damu inayorudi itazuiwa kwa muda", ningemwelewa. Ameandika "damu", yote kwa jumla, na mama akasikia yote.

Tahadhari ndogo kwa wanaopenda kunyambua: msiseme damu "inabanika" mkimaanisha inaweza kubanwa. Kubanika sisi watu wa ziwa tunakujua. Ni kumbana mgebuka kwenye kijiti na kumweka juu ya moto. Neno hilo lina kazi yake tayari, na kazi nzuri.

Turudi kwenye kichwa cha karatasi. "Mafunzo" yametoka kwa funza, nayo huingiza maarifa au stadi: mafunzo ya ualimu, mafunzo ya udereva. "Mazoezi" yametoka kwa zoea. Zoezi ni kile kinachouzoesha mwili jambo. Paja la mdogo wako halifunzwi kitu, linazoezwa upya kubeba uzito wake. Vijana wa mpira pale Uwanja wa Lake Tanganyika husema "kupiga tizi", na hata hiyo ingekuwa karibu na ukweli kuliko "mafunzo".

Kisha kuna kijineno ambacho wengi hukipita bila kukitazama, nacho ni "ya". Kiswahili kikiunganisha vitu kwa -a, mara nyingi hutaja lengo. Panga la kukatia majani, sindano ya kushonea, dawa ya kuua mbu. Ukiandika "mazoezi ya kubana damu", hata baada ya kurekebisha kitenzi, bado unasema kwamba lengo la mazoezi ni kubana damu. Lengo ni paja lipate nguvu, na kubana ni njia. Njia katika Kiswahili hubebwa na "kwa": mazoezi ya kuimarisha paja kwa kubana damu. Kirefu, ndiyo, lakini kila kitu kimekaa mahali pake, na mama akikisikia atasikia kwanza kuimarisha, kubana baadaye. Mpangilio huo ni sehemu ya matibabu.

Njia hii yenyewe ilianza kwa mguu kufa ganzi. Mjapani Yoshiaki Sato, mwaka 1966, alikuwa amepiga magoti muda mrefu kwenye ibada ya Kibudha, na uchungu alioupata kwenye vigimbi ukamkumbusha ule wa baada ya mazoezi makali. (Aliyewahi kukaa mkekani Ujiji usiku mzima wa maulidi anaujua mwanzo wa hadithi hii.) Akaanza kujifunga mikanda mwenyewe na kujaribu. Kijapani kikaiita njia hiyo kaatsu, yaani kuongeza mgandamizo: wametaja kile kinachowekwa. Kiingereza, kwa jina "blood flow restriction training", kikataja kile kinachopunguzwa, damu. Karatasi yenu imefuata Kiingereza neno kwa neno, na hilo ndilo linalonisikitisha, kwa kuwa Kiswahili kina desturi yake ya kuziita tiba kwa kifaa kinachoonekana. Mgonjwa hutundikiwa dripu. Mguu uliovunjika hufungwa hogo, jina la watu wenyewe, walioona plasta nyeupe ndefu wakaukumbuka muhogo. Hakuna kamati iliyoketi, na neno limefika kila wilaya.

Kwa desturi hiyo ningeyaita mazoezi ya mkanda. Mama anaujua mkanda tayari, ule anaovishwa mkononi kila akienda kupimwa presha. Huu ni ndugu yake, mpana zaidi, wa paja. Kuna kona moja ya kuangalia: "ana mkanda" kwa watu wetu ni ugonjwa, ule mkanda wa jeshi unaotoa malengelenge upande mmoja wa mwili. Basi msiseme mdogo wenu "ana mkanda". Semeni anafanya mazoezi ya mkanda, au anavishwa mkanda wa paja.

Na neno "presha" mjihadhari nalo. Mtaalamu akisema "tutaweka presha kwenye mguu", yeye anafikiria upepo ndani ya mkanda, na mama anafikiria ugonjwa uliomlaza jirani. Neno hilo watu wamelikabidhi kwa maradhi, wala silaumu. "Shinikizo" lina matatizo yaleyale kwa sababu ya "shinikizo la damu", na "kanieneo" la vitabu vya fizikia sijawahi kulisikia nje ya darasa. Mimi nasema mgandamizo, au naacha nomino na kusema "tutaujaza mkanda upepo mpaka ubane". Wavuvi wa karabai hawahitaji nomino yoyote: wanapiga pampu, wanaona mwanga, wanajua imetosha.

Kuna maneno mengine ambayo karatasi haikuyagusa, na mimi ningeyaona ya lazima kuliko kichwa chenyewe. Ni maneno ya mgonjwa. Wakati wa mazoezi haya paja huwaka na kuchoka sana, na hilo linatarajiwa. Mguu kufa ganzi, kuchomachoma kama sindano, au kubadilika kuwa wa baridi ni habari nyingine, na aseme hapohapo mkanda ulegezwe. Tazama jinsi lugha yetu ilivyokwishatenganisha kuwaka, kuchoma na kufa ganzi. Mgonjwa anayeulizwa tu "unaumwa?" hujibu "ndiyo" kwa yote matatu, na mtaalamu anapoteza alichokuwa anakitafuta. Kabla ya kuanza aulizwe pia kama aliwahi kuwa na damu iliyoganda kwenye vena, au kama ana selimundu, maana watu wa hali hizo hawavishwi mkanda huu kabla daktari hajaamua. Hapa mama ana mchango kuliko mwanawe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua nani katika ukoo alikuwa na nini. Neno selimundu, kwa njia, ni kazi nzuri ya wasanifu wetu: aliyewahi kushika mundu anaiona seli ilivyopinda.

Kuhusu "zuiwa" na "zuiliwa": kauli ya kutendwa ya zuia ni zuiwa. Zuiliwa imepitia kwanza zuilia, kisha ikatendwa, na watu wengi huzitumia zote mbili bila tofauti. Siwezi kuiita kosa. Ila zuiliwa siku hizi hunukia mahabusu, mtu anayezuiliwa kwa mahojiano, kwa hiyo palipo damu na paja ningechagua fupi. Na kwa kuwa tumeshakiacha kitenzi chenyewe, andikeni "itabanwa".

Nimeiandika karatasi upya. Msomee mama jioni, mdogo wako akiwepo:

"Mazoezi ya mkanda, ya kuimarisha paja baada ya kupasuliwa goti. Utavishwa mkanda mpana juu ya paja, kama ule wa kupimia presha. Utajazwa upepo mpaka ubane. Damu itaendelea kuingia mguuni, ila kidogo kuliko kawaida, na itachelewa kurudi. Utainua mzigo mwepesi mara nyingi, na paja litawaka. Ukihisi ganzi, sema. Ukimaliza, mkanda utalegezwa na damu itapita kama kawaida."