Chumba cha baridi nyuzi 110 chini ya sifuri au pipa la barafu, mkimbiaji achukue kipi?

SWALI: Habari fizio. Naishi Dubai, kazi yangu ni ya stoo, nasimama siku nzima. Najiandaa na Kili Marathon kilomita 21. Gym ninayoenda wameleta ile mashine ya baridi kali, unaingia dakika 3, wanasema ni nyuzi 110 chini ya sifuri na inamaliza maumivu yote ya misuli. Wananiambia ninunue paketi ya mara 10. Jumatatu na Alhamisi nabeba vyuma, Jumapili nakimbia mbio ndefu. Ninunue au nibaki na pipa langu la barafu? Na ina hatari gani?

JIBU: Salama kaka, na hongera, kusimama stoo kutwa alafu bado unakimbia sio kitu kidogo. Nikujibu moja kwa moja, paketi usinunue, baki na pipa.

Sababu ni hii. Hiyo namba ya nyuzi 110 inatisha lakini ile ni hewa, na hewa inabeba joto vibaya sana, maji yanalitoa mwilini haraka mara 25 hivi kuliko hewa ya joto lilelile. Kwa hiyo kwa dakika 3 ngozi ndo inapoa sana, unasisimka, maumivu yanatulia kidogo kwa muda, ila msuli wa ndani kabisa, paja lile lililokimbia kilomita 18, unapoa kidogo tu. Kwenye maji ya nyuzi 10 mpaka 15 ukakaa dakika 10 baridi inaingia ndani zaidi, na maji yenyewe yanakandamiza miguu, hilo nalo linasaidia kupunguza uvimbe.

Na sio maoni yangu tu. Cochrane, shirika linalokusanya na kuchambua tafiti za afya, walipitia tafiti za hivi vyumba mwaka 2015 wakapata 4 tu, watu 64 kwa jumla, karibu wote wanaume vijana, wakasema ushahidi hautoshi. Kwa maji baridi walishapitia 2012, tafiti 17 watu 366, na huko maumivu ya misuli yalipungua ukilinganisha na kupumzika tu. Vyumba vyenyewe vilianzia Japan 1978, Dk Toshima Yamauchi akivitumia kwa wagonjwa wa baridi yabisi, wanamichezo walikuja baadae, mfano Wales ya raga walienda kambi ya Spała kule Poland kabla ya Kombe la Dunia 2011.

Sasa hatari, hapa naomba unisikilize vizuri. Waulize hiyo mashine inapooza kwa umeme au kwa naitrojeni. Ya naitrojeni kichwa kinabaki nje, na gesi ile haina harufu, inasukuma oksijeni pembeni, ukivuta unaweza kuzimia kabla hujajua. Mwaka 2015 kule Nevada Marekani mfanyakazi aliingia peke yake usiku baada ya kazi akakutwa amefariki humo ndani. Kama hawana kifaa cha kupima oksijeni ukutani, na hakuna mtu anayesimama na wewe mwanzo mpaka mwisho, usiingie hata kama ni bure. Jasho nalo ni adui, Justin Gatlin, mkimbiaji wa mbio fupi wa Marekani, mwaka 2011 aliingia na soksi mbichi, zikamganda miguuni, akaenda mashindano ya dunia Daegu akiwa na vidonda. Ukauke kabisa, soksi na glavu kavu.

Na mwenye sikoseli asiguse kitu chochote cha baridi kali, wala chumba wala pipa, baridi inaweza kumwamshia maumivu makali. Presha isiyotulia, moyo, mimba, vidole vinavyobadilika rangi kwenye baridi, hao wote waongee na daktari kwanza.

Kitu ambacho watu wa gym huwa hawakwambii ni siku gani utumie baridi. Jumatatu na Alhamisi baada ya vyuma usikae kwenye barafu, kuna utafiti wa 2015 walifanya wiki 12, waliokuwa wanaingia maji ya nyuzi 10 baada ya mazoezi ya nguvu walijenga msuli kidogo na nguvu kidogo kuliko waliopiga baiskeli taratibu, yaani baridi inazima ile kazi ya mwili ya kujijenga ambayo wewe umeitolea jasho. Jumapili baada ya mbio ndefu ndo siku yake, hasa kama Jumatatu unaamkia stoo.

Pipa lako: maji mpaka kiunoni, anza nyuzi 15, nunua temometa usikisie kwa mkono, maana Dubai ikianza kupata joto maji ya bomba yanatoka ya uvuguvugu na barafu inaisha haraka. Ingia taratibu, pumzi ile ya kwanza inakata, subiri itulie ndo ukae. Dakika 10, usizidishe 15, na mtu awepo karibu. Ukianza kutetemeka sana toka, jikaushe, vaa, kula wali na maharage au chochote chenye wanga na protini, alafu ulale mapema. Hela ya paketi weka kwenye raba mpya, ila zizoee angalau wiki 3 kabla ya kwenda nazo Moshi.