Ukiona "etto" kwenye menyu ya samaki Milan, usiagize bado

Ndugu yangu, usimpeleke mkeo kula samaki karibu na Duomo, lile kanisa kuu la Milan, kabla hujasoma haya. Umesema mnakwenda Milan mwezi ujao, siku mbili, mnataka samaki wazuri, aiskrimu na mahali pa kubarizi jioni. Mimi na mke wangu tulitoka hapa hapa Malindi tukaenda hivyo hivyo, na mlo mmoja ukala pesa za siku tatu.

Aliyenielekeza ni mtu wa kwetu, kakaa Italia miaka mingi. Aliniambia, "Bei zimeandikwa, wewe agiza tu." Kweli ziliandikwa. Branzino, 7. Nikamwambia mke wangu, samaki mzima euro 7, mbona rahisi! Pembeni palikuwa na neno dogo: l'etto. Kiitaliano changu ni cha Malindi, cha kuokota kwa wageni. Kupatana bei naweza, hata kugombana naweza, lakini etto sikulijua. Ni gramu 100; ile 7 ilikuwa ya kila gramu 100, si ya samaki mzima. Pengine huandikwa hg, ni kitu kile kile.

Weita akaja na samaki mbichi kwenye sinia, kalazwa juu ya barafu, jicho linang'aa. "Va bene?" yaani, sawa? Nikaitikia, "Va bene." Nilidhani ananionyesha kuwa hajavunda. Kumbe hapo nimeshamnunua, kichwa na mifupa yake. Bili ikaja: kilo moja na gramu 400, euro 98. Juu yake coperto, euro 3 kila mtu, ada ya kukalia meza. Mke wangu aliisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, asiseme neno mpaka tulipofika chumbani.

Mkahawa sikuulaumu, ndivyo wanavyouza kule. Ninayemlaumu ni yule ndugu. Nilipompigia simu akasema, "Aa, hiyo si kila mtu anaijua?" Kila mtu nani? Nimeijulia wapi mimi? Miaka yote anakula kule, neno moja tu limemshinda kuniambia!

Basi shika hili. Samaki akiletwa mbichi, usiseme va bene. Uliza, "Quanto pesa? Quanto viene in tutto?" yaani, ana uzito gani, na jumla inakuja kiasi gani? Apimwe, uandikiwe jumla kwenye karatasi, ndipo aende jikoni. Wakikataa kuandika, inukeni. Mkiagiza kambakoche, hapo ndipo uulize zaidi.

Tena Milan haina bahari. Nyinyi changu na kolekole mnawapata wa asubuhi, wangali wabichi, mwawafuatia nini kule? Kuleni cha wenyewe, risotto alla milanese, ule wali wao wa zafarani, laini, wa manjano kabisa. Huo huuzwa kwa sahani. Ila ulizeni kwanza, mara nyingi hutiwa divai.

Na hilo neno etto mwonyeshe mkeo kabla hamjapanda ndege. Sisi tulikuwa wawili mezani, na hakuna aliyelijua.