Nasoma hadi saa nane usiku, asubuhi kwa mtihani kichwa ni tupu

SWALI: Habari ya kazi. Nasomea uuguzi hapa Kisumu na nakaa Kondele. Shida yangu ni kusahau. Narudia notsi mara tatu nne hadi usiku wa manane, naona zimeingia kabisa, alafu nikiketi kwa mtihani hakuna kitu. Sai tuko kwa zile neva 12 za kichwani, yaani mishipa ya fahamu, na mpangilio wake unanichanganya. Ama ubongo wangu uko na shida?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Dadangu, pole kwa huo wasiwasi. Hivo unavyosahau ndio karibu kila mtu husahau. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote, na kwa kitabu alichotoa 1885 alionyesha kwamba ndani ya saa moja tu zaidi ya nusu ilikuwa imeenda, alafu kasi ya kusahau ikapungua. Lakini kama unasahau hata mambo ya kila siku, na ni kitu kimeanza juzi juzi, mwone daktari, maana msongo wa mawazo na shida ya tezi ya shingoni pia huleta hiyo.

Kwa masomo naona kinachokuponza ni huko kurudia kusoma. Ukisoma kitu mara ya nne macho yanakitambua haraka, na wewe unadhani umekijua, kumbe kutambua na kukumbuka ni vitu viwili tofauti kabisa. Mwaka wa 2006 huko Marekani, watafiti wawili, Roediger na Karpicke, walichukua wanafunzi, kundi moja likasoma habari kwa vipindi vinne, lingine likasoma kipindi kimoja tu na hivyo vitatu vingine likaandika linachokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika tano waliosoma tu ndio walikuwa mbele. Baada ya wiki mambo yaligeuka, waliojipima walikumbuka kama asilimia 61 na wale wengine 40.

Kwa hivyo funga daftari, chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka hata kama ni mistari miwili, ndio ufungue uone umeacha nini. Rudia kesho, alafu baada ya siku tatu, alafu wiki. Na tafadhali ulale! Usingizi ndio wakati ubongo unaimarisha ulichosoma mchana, sasa ukikesha unajinyima mwenyewe.

Neva nazo zipange kwa mawazo, kwa barabara ile matatu hupita ikienda tao. Kondele weka harufu kali ya samaki, hiyo ni ya kwanza, ya kunusa. Ukifika Kibuye ona miwani imetundikwa kila kibanda, ya pili, ya kuona. Mbele kidogo mtu anazungusha macho, ya tatu. Endelea hivo, kila mahali unapopajua na neva yake, hadi steji ya mwisho umkute makanga ametoa ulimi nje, hiyo ni ya 12. Jioni ukirudi zitaje kuanzia 12 hadi 1.