Maswali na majibu: Laini ya nani, akaunti ya nani?

Maswali ya wanandoa na simu zao yamerundikana, nimechambua machache. Wale wa “nimesahau neno la siri”, majibu yenu yalishatoka zaidi ya mara moja. Yatafuteni.

Swali: Laini yangu ilisajiliwa kwa NIDA ya mume wangu, maana wakati ule kitambulisho changu kilikuwa hakijatoka. Mpaka leo ndiyo ninayotumia M-Pesa. Kuna ubaya? (Mama wawili, Mbagala)

Jibu: Upo, na ndio ninaoupigia kelele kila siku. Kwa kampuni ya simu laini hiyo ni ya mumeo. Pesa iliyomo inasomeka kwake, na Songesha (ule mkopo mdogo wa M-Pesa) unayokopa wewe inaandikwa kwenye jina lake. Simu ikiibwa, utakwenda dukani kurudisha laini, utaweka kidole kwenye kile kimashine na kitakukataa mbele ya foleni nzima. Mumeo akiwa Muscat kwenye kibarua, utasubiri arudi. Wala si M-Pesa peke yake: WhatsApp yako imekaa juu ya namba hiyo hiyo, na ukikwama kwenye Gmail, zile tarakimu sita za kuthibitisha kuwa ni wewe zinatumwa huko huko.

Kama kitambulisho sasa unacho, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoitambua, dai ifutwe. Halafu lipa deni la Songesha, toa salio, nendeni wote wawili dukani mkabadili umiliki. Akisema “ya nini, si sisi ni mwili mmoja?”, mwambie mashine haisomi ndoa, inasoma kidole.

Swali: Kaka, nifanyeje nisome WhatsApp ya mke wangu bila yeye kujua?

Jibu: Swali hili haliishi, hubadilika miji tu. Sikufundishi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imekataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na sijaona kifungu kinachosema “isipokuwa mume”. Kama unamshuku, muulize. Na ninyi wake (na waume, msijifanye hamsikii): fungueni mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Simu moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne. Ukiona kompyuta usiyoijua imejipachika humo, itoe, kisha weka ile namba ya siri ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili.

Swali: Tuna Facebook moja yenye majina yetu wote wawili. Inafaa?

Jibu: Facebook wenyewe hawaruhusu, akaunti ni ya mtu mmoja. Mimi pia hainipendezi. Shangazi anampongeza nani siku ya kuzaliwa?

Swali: Mimi na mume wangu tunauza vitenge mtandaoni. Kila kitu kipo kwenye simu yake, nami ndiye ninayejibu wateja. Akisafiri, biashara inasimama. (Dada wa Morogoro)

Jibu: Tafuteni laini ya duka, na namba yake ndiyo iwekwe kwenye WhatsApp ya biashara. Simu yako iunganishwe kama kifaa cha pili, uwajibu wateja popote alipo. Simu kuu tu isikae siku 14 bila kufunguliwa, maana vilivyounganishwa vitatolewa. Ukurasa wa Facebook unakubali wasimamizi zaidi ya mmoja, kila mtu kwa akaunti yake. Mwambie akuongeze leo, akupe usimamizi kamili.

Hujaniuliza, lakini nakuuliza mimi: Lipa Namba, ile ya kupokelea malipo ya wateja, imesajiliwa kwa jina la nani? Nimeona wanandoa wakiachana, mmoja akaondoka na wateja wote, mwingine akabaki na marobota yasiyolipiwa.

Swali: Picha za watoto zote ziko kwenye Gmail ya mume wangu na sasa inaandika imejaa. Nami niingie kwa neno lake la siri nipunguze?

Jibu: Usiingie. GB 15 za bure zimewaishia. Lipieni nafasi ya ziada, mfungue kikundi cha familia cha Google. Kinachukua watu sita wakichangia nafasi moja, na hakuna anayeona faili za mwenzake. Picha za watoto akushirikishe kupitia Google Photos.

Swali: Mume wangu amefariki. Namba yake ya siri ya M-Pesa naijua. Nitoe hela za matumizi?

Jibu: Pole sana, mama. Usitoe. Fedha hizo sasa ni za mirathi, na kila muamala una saa na tarehe yake. Siku ya kikao cha ukoo utaulizwa. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa na mahakama, aende na barua yake pamoja na cheti cha kifo kwenye kampuni ya simu.

Laini usiitupe. Namba isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, na Gmail isiyoguswa miaka miwili Google wanaweza kuifuta na picha zake zote. Mlio hai, Google wana mpangilio wa kuchagua nani apewe vitu vyako ukinyamaza kwa miezi kadhaa, na iPhone inakuruhusu kumtaja mrithi wa akaunti. Ni kazi ya dakika chache, lakini watu wanaogopa kana kwamba wanajichulia.

Swali: Je, nimpe mke wangu namba ya siri ya M-Pesa ili anunue umeme nikiwa kazini?

Jibu: Hapana. Mtumie hela anunue kwa simu yake.