Maswali na Majibu: Ngazini, King'ora Kikishalia

Nafanya utafiti wa shahada kuhusu jinsi wafanyakazi wa ofisini wanavyoshuka ngazi katika zoezi la kuhama jengo. Jengo nililoruhusiwa lina ghorofa 10 na ngazi mbili. Kamera niziweke wapi, na nipime nini hasa?

Kwa kila ngazi, kamera ya kwanza iwe kwenye mlango wa kutokea nje. Hiyo ndiyo itakayokupa idadi ya watu na dakika waliyotoka, na ikiharibika huna utafiti. Nyingine mbili au tatu ziweke katikati ya jengo, zikiachana ghorofa kadhaa. Zifunge juu kwenye pembe ya ukuta, zitazame chini ili zione mlango wa ghorofa, sakafu ndogo ya kona na mkondo mzima wa vidato unaoshuka kutoka hapo. Usimweke msaidizi ngazini na karatasi zake. Atakula nafasi ya mtu mmoja, na kila anayepita atamsalimia.

Kabla ya zoezi, onyesha saa ileile ya mkononi mbele ya kila kamera, kisha urudie baada ya zoezi. Kamera zikitofautiana sekunde chache tu, muda wa kutoka ghorofa moja hadi nyingine haukufai tena.

Kupima kasi, chagua mistari miwili kwenye picha: ukingo wa kidato cha kwanza na ukingo wa kidato cha mwisho. Kwa fremu 25 kwa sekunde unaweza kusoma hadi sekunde 0.04, lakini kosa kubwa haliko kwenye fremu. Liko kwenye kuchagua kiungo cha kufuatilia. Miguu ndiyo sahihi, ila watu wakibanana huioni, na ukifuata kichwa, pembe ya kamera inakudanganya kwa kidato kimoja au viwili. Dawa yake ni kumshusha mtu mmoja peke yake kabla ya zoezi, uone kichwa chake kiko wapi kwenye picha wakati mguu wake unagusa kila mstari.

Sasa umbali, ambapo ripoti nyingi huharibikia. Chukua ngazi yenye vidato vya kimo cha milimita 178 na kina cha milimita 279, vidato 20 kwa ghorofa, katika mikondo miwili ya vidato 10. Kwa mteremko wa ngazi yenyewe ni mita 6.6. Ukipima kwa usawa wa sakafu ni mita 5.6, na kwa wima ni mita 3.6. Ongeza kona mbili: ngazi ikiwa na upana wa mita 1.12, anayepita katikati huzunguka nusu duara ya takribani mita 1.8 kila kona. Jumla ni kama mita 10 kwa ghorofa. Aliyetumia sekunde 20 alikwenda nusu mita kwa sekunde. Ukisahau kona utaandika 0.33, na umeshampunguzia theluthi ya kasi yake. Kwa hiyo kila namba ya kasi iandikwe pamoja na njia iliyopimwa. Isiyo na maelezo hayo usiilinganishe na ya mwenzako.

Kwa kila mtu andika pia kama anashuka upande wa ndani au wa nje wa kona, kama ameshika reli, amebeba nini, anatazama simu au la, na kama alisimama. Msongamano uhesabu kwa kugawa watu walio kwenye mkondo kwa eneo la vidato hivyo, na useme wazi kama sakafu ya kona umeihesabu.

Jambo la mwisho, na wasimamizi wako watakuuliza: watu 400 walioshuka kwa msururu si vipimo 400 vinavyojitegemea. Kasi ya wa nyuma ni kasi ya aliye mbele yake. Changanua kwa makundi, au kwa vipindi vya muda. Kuhusu ruhusa, uongozi ujue siku, wafanyakazi wajue kwamba zoezi linalokuja litarekodiwa bila kujua ni lini, na nyuso zifichwe kabla picha hazijatoka mikononi mwako.

Mimi ni afisa usalama. Ngazi yetu ina upana wa mita 1.12, na kwenye karatasi inaonekana inatosha watu wawili sambamba. Mbona kwenye mazoezi watu wanashuka kama meno ya msumeno, mmoja huku, mwingine nyuma kidogo kule?

Kwa sababu mtu anayeshuka huyumba. Kila hatua uzito unahamia mguu mmoja na mabega yanakwenda upande huo, kwa hiyo anakwepa ukuta na anamkwepa jirani. Jake Pauls, aliyechunguza mazoezi ya kuhama majengo marefu ya ofisi nchini Kanada, ndiye aliyeeneza wazo la upana unaotumika kweli: toa takribani sentimita 15 kila upande wenye ukuta. Mita 1.12 yako inabaki 0.82.

Tofauti hiyo si ndogo. Kwa vidato vya 178 kwa 279, mtiririko mkubwa unaotumiwa na wahandisi ni kama mtu 1 kwa sekunde kwa kila mita ya upana unaotumika. Ngazi yako basi inapitisha watu 50 kwa dakika, ikienda vizuri. Watu 1,200 wakigawanyika sawa kwenye ngazi mbili, ni dakika 12 za kutiririka tu, bila kuhesabu muda wa watu kuzima kompyuta na kutafuta mikoba. Ngazi moja ikijaa moshi, ni 24.

Na ngazi ya mita 1.42? Upana wake umezidi wako kwa asilimia 27, lakini upana unaotumika umezidi kwa asilimia 37, kwani kingo zinazopotea ni zilezile. Katoni zilizopangwa ukutani, kwa upande mwingine, zinakula katika ile 0.82.

Nitumie kasi gani kwenye hesabu zangu?

Usitumie moja. Kwa vidato hivyohivyo, fomula ya kawaida ya wahandisi wa moto ni kasi = 1.08 × (1 − 0.266 × msongamano), msongamano ukiwa watu kwa mita mraba. Mtu 1 kwa mita mraba inatoa mita 0.79 kwa sekunde, 1.9 inatoa 0.53, na 3 inatoa 0.22. Mtiririko ni kasi mara msongamano, na kilele chake kiko kwenye 1.9. Wakibanana zaidi ya hapo, wanaotoka kwa dakika wanapungua, hata kama ngazi inaonekana imejaa watu kweli kweli.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliporekodi mazoezi katika majengo ya ofisi, ilipata wastani wa karibu nusu mita kwa sekunde, huku kasi ya mtu na mtu ikitofautiana sana. Katika mnara wa kaskazini wa World Trade Center, New York, uliposhambuliwa mwaka 2001, NIST ilikadiria takribani mita 0.2 kwa sekunde. Fomula haina moshi, haina majeruhi, wala zimamoto wanaopanda na vifaa huku watu wakibana upande mmoja kuwapisha. Weka kasi ya juu na ya chini, uonyeshe majibu yote mawili.

Wa ghorofa za juu wanalalamika kwamba wanasimama tu huku wa chini wakiingia mbele yao. Wana haki?

Wana haki, ila si kosa la mtu. Penye mlango wa ghorofa, msururu wa ngazini na msururu wa mlangoni mara nyingi hupishana karibu nusu kwa nusu: mmoja wa huku, mmoja wa kule, kwa adabu tu. Ngazi ikitoa watu 50 kwa dakika, ghorofa ya chini kabisa inaingiza 25, inayofuata 12 au 13, ya tatu 6. Ghorofa ya kumi haisogei hadi za chini ziishe. Muda wa jengo zima haubadiliki. Kinachobadilika ni nani anasubiri. Kama moto uko juu, hilo ni tatizo la kweli, na ndiyo sababu majengo marefu mengi huhamisha kwanza ghorofa yenye moto na za jirani yake.

Taa zikizimika ngazini?

Watu wanapapasa reli, na mwendo unashuka. Baada ya bomu la 1993 katika World Trade Center, watu waliposhuka gizani na kwenye moshi, ngazi zile ziliwekewa rangi inayong'aa gizani na taa za betri. Rangi iwe kwenye ukingo wa kila kidato, kwenye reli na kwenye mlango wa kutokea. Ifanyie jaribio taa zote zikiwa zimezimwa.

Mwenzetu mmoja anatembea kwa magongo. Kwenye takwimu zangu anaharibu wastani. Nimwondoe?

Usimwondoe. Kwenye ngazi ya mita 1.12 wengi hawampiti hata nafasi ikiwepo, hivyo yeye ndiye anayeamua kasi ya kila aliye nyuma yake. Mwandike peke yake, na upime pengo: vidato vingapi vitupu mbele yake, na watu wangapi wamebanana nyuma. Angalia pia kama alisimama kwenye kona kuwapisha, na kwa sekunde ngapi. Kama jengo lina kiti cha kushushia watu, kijaribiwe kikiwa na mtu halisi na waendeshaji waliofunzwa, kwa sababu vidato kinavimudu, lakini kona ni jambo jingine. Kwenye kona ndipo kinapohitaji nafasi ya kugeuka, na ndipo msururu wote unaposimama.